Mto wa shingo kwa safari ndefu: kilicho ndani kina uzito kuliko lebo

Kwa mkazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, safari ya Entebbe huanza kabla ya basi lenyewe. Kwanza ni barabara ya vumbi kutoka Basecamp, Juru au Rubondo hadi Mbarara. Kisha ni barabara kuu inayopita Biharwe, Lyantonde na Masaka, na kuvuka mstari wa ikweta pale Kayabwe. Kwa familia inayohamishiwa nchi ya tatu, mwendo huo ni utangulizi tu. Mbele yake ziko ndege mbili au tatu.

Katika safari ya namna hiyo mto mdogo wa shingo si anasa. Lakini ni kitu ambacho pua na mdomo hukaa karibu nacho kwa saa nyingi, mara nyingi ndani ya gari au ndege iliyofungwa madirisha. Kwa mwenye pumu, au mtoto ambaye ngozi yake huwasha upesi, swali la mto umejazwa nini lina maana kubwa kuliko rangi yake.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Neno "asilia" au "pamba" kwenye lebo mara nyingi huelezea kitambaa cha nje peke yake. Ndani huwa mna sponji, ambayo ni poliyurethani, zao la mafuta ya petroli. Hata ile sponji laini inayobonyea taratibu na kurudi taratibu, iliyobuniwa mwaka 1966 katika kazi ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, ni ya ukoo huohuo. Sponji mpya hutoa harufu kali kwa sababu baadhi ya kemikali zake hugeuka mvuke. Kuianika mahali penye hewa na kivuli kwa siku kadhaa hupunguza harufu hiyo, kwa hiyo mto ulionunuliwa jioni ya kuamkia safari ndio mbaya zaidi.

Sponji iliyokatwakatwa vipande inahitaji tahadhari ya pekee. Ni rahisi, na asili yake haijulikani. Kwa miaka mingi sponji za viti na makochi zilitiwa kemikali za kuzuia moto, na baadhi yake hubaki mwilini muda mrefu. Mkataba wa Stockholm uliziingiza kadhaa kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa mwaka 2009, lakini ukaruhusu nchi zilizoomba kuendelea kutumia tena bidhaa kuukuu zenye kemikali hizo hadi mwaka 2030. Kochi la zamani linaweza, kwa njia hiyo, kuwa mto mpya.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana jibu la zamani: sufi, nyuzi za ndani ya tunda la msufi. (Isichanganywe na sufu, ambayo ni manyoya ya kondoo.) Sufi ni nyepesi mno, na nyuzi zake zina nta ya kiasili inayozuia maji, ndiyo maana zamani zilijazwa katika maboya ya kujiokolea majini. Mto wa sufi haulowi jasho kwa urahisi, na hauhitaji dawa yoyote ili uwe laini. Kasoro zake nazo ni za kweli. Hushika moto haraka sana, hivyo usiwekwe karibu na jiko wala sigara. Hujikusanya mabonge usipoanikwa na kupigwapigwa. Na iwapo mbegu na vumbi havikutolewa vizuri, atakayeujaza atakohoa, na mwenye pumu atateseka. Ujazwe nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa.

Pamba, inayolimwa Kasese na katika mikoa ya mashariki na kaskazini mwa Uganda, hupatikana kwa urahisi zaidi. Ni nzito kuliko sufi, hunywa jasho na huchelewa kukauka. Ikifungiwa mkobani ikiwa na unyevu, huota ukungu. Mpira wa utomvu wa miti nao ni wa asili, ila haumfai mtu anayewashwa na glavu za mpira.

Kushona ni njia nzuri, na Nakivale haikosi mafundi cherehani. Kitambaa bora ni marekani, ile pamba isiyopakwa rangi. Vitenge vingi vya leo ni vya poliesta hata kama muuzaji anaviita pamba. Kuna kipimo rahisi: uzi mmoja uchomolewe na kuchomwa nje, mbali na watoto. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuwa kijidonge kigumu. Kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kukatwa, kwani hujikunja, na vitambaa vingine hutiwa formaldehaidi ili visikunjamane. Mfuko wa ndani ushonwe kabisa, na juu yake foronya inayovulika, ili ifuliwe safari inapokwisha.

Mtoto mchanga ni habari nyingine. Aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kulalia mto wowote, hata uwe wa sufi safi kabisa. Mto wa shingo unaweza kumsukuma kichwa mbele, kidevu kikagusa kifua, na njia ya hewa ikabanwa bila hata kulia. Ndani ya basi au ndege, kinachomfaa ni mkono wa mtu mzima aliye macho, au kiti cha watoto.

Jambo la mwisho huwashtua wengi uwanjani. Isingiro, wilaya ilimo Nakivale, ni nchi ya migomba, na majani makavu ya mgomba ni kijazio kisicho na gharama. Pumba za mpunga vilevile. Kwa basi la Kampala vinatosha. Kwa Australia, hapana. Sheria za nchi hiyo za kuzuia wadudu na magonjwa ya mimea zinamtaka abiria atangaze vitu vyote vya mimea kwenye fomu ya kuingilia, na asiyetangaza anaweza kutozwa faini. Afisa akikuta majani au mbegu ndani ya mto, anaweza kuuchukua. Sufi na pamba pia ni mazao ya mimea: mbegu zitolewe zote, kisanduku cha "ndiyo" kitiwe alama, na mto uwekwe juu kabisa ya mkoba ili uonyeshwe bila kupekuliwa kila kitu.