Siha ya Aliyeumia Uti wa Mgongo, na Simu Imfuatayo Nyumbani

Mkwezi wa michikichi anapoteleza na kuanguka, au abiria wa bodaboda anapotupwa kando ya barabara ya Ujiji, na uti wa mgongo ukapata jeraha, safari ya matibabu kutoka Katubuka, mjini Kigoma, huanzia Hospitali ya Maweni na huenda ikaishia Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, masafa ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Huko mabingwa huweza kuukaza mgongo kwa vyuma. Lakini siku hufika majeruhi akaruhusiwa, akarejeshwa kwa aila yake, na hapo ndipo yanapoanza maradhi ambayo aghalabu ndiyo yanayoua: vidonda vya kulalia, na uambukizo wa mkojo unaopanda hadi kwenye figo.

Maadamu mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo imekatika, makalio na visigino havipeleki tena habari yoyote kwenye ubongo. Mwenye viungo vizima, akiketi muda mrefu, hujisogeza bila hata kujitambua, kwa kuwa maumivu humhimiza. Lakini huyu wetu hukalia mfupa wake mwenyewe kutwa nzima, damu ikazuiliwa na nyama ikafa, naye asihisi lolote mpaka harufu itangulie. Ndiyo sababu agizo tunalolitoa mlangoni mwa hospitali, kwamba akipatwa na shida atupigie simu, halifai kitu: shida yenyewe haimwambii kuwa imefika. Huduma ya kumfuatilia kwa simu ina maana pale tu tunapoanza sisi, siku iliyowekwa, kuuliza yale ambayo mwili wake hauwezi kuyasema: je, usiku amegeuzwa kila baada ya saa 2, mkojo umetolewa kwa mpira kila saa 4 hadi 6, na rangi yake ni ipi, analala, ana hamu ya kula, ana hamu ya kuishi? Na kabla ya yote aulizwe kama yuko peke yake, kwani simu moja mara nyingi hutumiwa na nyumba nzima, na mambo ya choo na ya unyumba yanataka faragha.

Pana hali moja ambayo simu huokoa roho waziwazi. Aliyeumia sehemu za juu za mgongo, kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda shingoni, huweza kushikwa ghafla na kichwa kinachogonga, jasho la uso na shinikizo la damu linaloruka, na ni rahisi jamaa zake wakadhani ni malaria. Ilhali kiini chake aghalabu ni kibofu kilichojaa au mpira uliojikunja. Sauti ya mtaalamu ikimwambia mama mtu amkalishe mwanawe wima, amlegezee nguo na aunyooshe mpira ule, huenda hatari ikapita kabla gari halijapatikana.

Picha ya ngozi inayotumwa kwa simu, kwa upande wake, nina hadhari nayo. Vitabu husema kidonda huanza kwa wekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu huo haudhihiri. Dalili ni joto na ugumu wa mahali pale, na kamera haijui joto. Mkono wa mwuguzaji ndio unaojua.

Nchini Bangladesh, watafiti waliwafuata majeruhi 410 walioruhusiwa kutoka kituo cha utengemao kilicho Savar, karibu na Dhaka, ambacho Valerie Taylor alikianzisha mwaka 1979; kundi moja likapigiwa simu 36 na kutembelewa nyumbani mara 3 katika miaka 2, na jingine likapata huduma ya kawaida. Mwisho wa muda huo vifo vya makundi hayo vilikaribiana mno. Sioni kwamba matokeo hayo yanaitia simu ila. Naona yanatuzuia kuidai isichokiweza. Simu haileti mto wa kukalia, haileti mipira safi ya mkojo, wala haikipitishi kiti mwendo masika, maji yanapotuama Katubuka. Viti vinavyomfaa mwenye navyo vina mafundi wake humu nchini, waliofunzwa katika chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi. Linalokosekana ni njia ya kuvifikisha Kigoma. Daktari Ludwig Guttmann, alipofungua wodi yake ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliwaokoa watu waliokwisha kukatiwa tamaa kwa kuamuru wageuzwe kila saa 2, usiku na mchana, na kazi hiyo ilitaka watu, si mitambo.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa hospitali wasimruhusu majeruhi yeyote kabla ya kuandika namba ya simu ya atakayemwuguza, pamoja na ya kwake mwenyewe, na kabla ya kumwona mwuguzaji huyo akimgeuza mgonjwa mbele yao kwa mikono yake. Nawe uliye naye nyumbani, pitisha mgongo wa kiganja chako asubuhi na jioni juu ya makalio, nyonga na visigino vyake. Utakapopata mahali pa moto au pagumu, asipalalie wala kupakalia mpaka pawe kama ngozi ya kando yake, na siku hiyo hiyo upige simu wewe.