Sala ya Kimya kwa Lugha ya Kigangoni

Darasani tunakutana na neno la Kisanskriti "advaita", yaani "si mbili". Shankara wa India alifundisha kwamba nafsi ya mtu na Uhalisi wa mwisho si vitu viwili. Wamonaki wetu nao walilipima fundisho hilo kwa uzito: Mbenediktini Mfaransa Henri Le Saux alihamia India mwaka 1948, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1973. Ndugu msomaji, haya yanamhusu nini mama anayechuma pamba Kishapu?

Yanamhusu, kwa sababu naye anasali, na huenda siku moja katekista au frateri aliye likizo akamfundisha kunyamaza mbele ya Mungu. Hapo maneno huwa jambo zito.

Tukimwambia "fanya tafakari", anaelewa kufikiri: asome Injili, ajiulize maswali. Ni vyema, lakini sala tunayoisema inaanza pale kufikiri kunapotulia. Vitabu vya Kanisa huiita taamuli, neno ambalo kigangoni wachache wanalitumia. Katekisimu (na. 2715) inapoieleza inamkumbuka mkulima wa Ars, Ufaransa, wakati wa Padre Yohane Maria Vianney. Alipoulizwa anafanya nini mbele ya tabernakulo, alijibu kwamba yeye anamtazama Yesu na Yesu anamtazama yeye. Mchunga ng'ombe yeyote wa Usukuma anaelewa hilo bila kamusi.

Si jambo jipya. Yohane Kasiano, karne ya 5, alipeleka Magharibi fundisho la Abba Isaka wa Misri: rudia mstari mmoja wa Zaburi wa kuomba msaada, ukiwa katika hali yoyote. Mmonaki John Main, karne iliyopita, alisema karibu hivyohivyo: keti, tulia, rudia "Maranatha". Kwetu "Yesu" linatosha.

Wapo wanaoona kwamba mambo ya ndani namna hii yabaki kwa wasomi, nao wana mfano. Meister Eckhart alihubiri kwa Kijerumani juu ya muungano wa roho na Mungu. Mwaka 1329 Papa Yohane XXII alikemea hoja zake 28, na hati ililalamika kwamba alihubiri hayo mbele ya watu wa kawaida. Sisi tunaona shida ilikuwa kwingine. Kusema "roho na Mungu ni kitu kimoja" ni kusema kwa ufupi, lakini si kusema wazi, maana mpaka kati ya Muumba na kiumbe hauonekani. Barua ya Roma ya mwaka 1989 juu ya tafakari ya Kikristo ilisisitiza mpaka huo. Kiswahili kinatusaidia hapa: tunasema "nina mtoto", na kuwa na mtu ni kuwa pamoja naye. Anayesema "ninaye Mungu" hajawa Mungu, wala hayuko mbali naye.

Mama aliyezika mtoto mwezi uliopita akiambiwa "nafsi ni kivuli tu", atasikia kwamba hata uchungu wake si kitu. Kijana aliyerudi kutoka machimbo ya Geita akiambiwa "futa akili yako", ataogopa. Huku watu wamewaona waganga wakipandisha mizimu, na kuiacha akili tupu wanajua ni kumfungulia nani mlango. Hofu hiyo si ujinga. Basi aambiwe: usifute kitu, wazo likija liache lipite, urudi kwenye jina la Yesu. Naye mama aambiwe aje na machozi yake.

Baada ya rozari ya jumuiya, dakika kumi zinatosha: keti wima, fumba macho, sema jina polepole moyoni. Bibi mmoja hatakosa kuuliza, "Na nikisinzia, frateri?" Ukizinduka, bibi, rudi kwenye jina. Hata Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alikuwa akisinzia.