Unanunua kitafuta samaki chenye GPS? Mvuvi wa Nkome, angalia haya kwanza

Ukitoka mwalo wa Nkome usiku, mambo mawili yanakula hela yako: mafuta ya kuzunguka kutafuta samaki, na nyavu ambazo asubuhi huzioni ulipoziacha. Kitafuta samaki chenye GPS, ile mashine ya kioo kidogo ambayo wengine huiita fishifainda, kinaweza kupunguza hasara zote mbili. Ila ya bei kubwa si lazima iwe ndiyo inayokufaa.

Inaonaje samaki?

Kifaa kinachokaa majini, trandusa, hutuma sauti kwenda chini. Sauti ikigonga kitu inarudi, na mashine inapiga hesabu ya umbali. Kinachorudisha sauti kwa nguvu zaidi ni hewa iliyo ndani ya samaki. Kwa sangara, hewa hiyo iko kwenye bondo, lile lile linalouzwa ghali.

Chombo kikipita juu yake, sangara mkubwa huonekana kama upinde. Kundi la dagaa huonekana kama wingu. Lakini mashine haijui jina la samaki wala urefu wake. Haitakuambia kama sangara amefika sentimita 50 zinazoruhusiwa. Hiyo ni kazi ya tundu la wavu wako.

Usilipie kina usichokitumia

Ziwa Victoria lina wastani wa kina cha mita 40, na sehemu ndefu kuliko zote ni kama mita 80. Hata mashine ndogo kama Garmin Striker 4, kwa maelezo ya kiwanda, inasoma zaidi ya mita 400 kwenye maji baridi. Muuzaji akikuongezea bei kwa sababu ya kina, mwambie hapana.

Uliza masafa badala yake. Ya kilohezi 200 hutoa picha safi ila huona eneo dogo: ukiwa kwenye kina cha mita 30, duara la kama mita 10 tu chini yako. Ya kilohezi 77 huona duara zaidi ya mara mbili ya hapo, lakini picha si kali sana. Yenye zote mbili ndiyo nzuri.

Faida nyingine: miezi ya joto na mvua, maji ya chini kabisa kwenye kina kirefu hupungukiwa oksijeni, na samaki hupanda juu. Kati ya Juni na Agosti upepo huyachanganya tena. Ukiona kioo kiko tupu karibu na tope, usipoteze nyavu huko chini.

GPS ndiyo pesa yenyewe

Hapa usibane matumizi. Ukitega, bonyeza kitufe uweke alama. Asubuhi, hata kukiwa na ukungu, mashine inakurudisha pale pale. Wavu ukisogezwa na maji, angalau unajua pa kuanzia kuutafuta.

Kwa Nkome kuna sababu kubwa zaidi: Rubondo. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa 1977, ina kilomita za mraba 456 hivi, na karibu nusu ni maji. Kuvua kibiashara humo ni marufuku. Mpaka wa majini hauna ukuta, upepo unaweza kukuvusha usiku ukiwa umelala. Chombo kikikamatwa, "sikujua" haisaidii. Omba alama za mpaka kupitia BMU au afisa uvuvi, uziingize kwenye mashine kabla hujatoka.

Jua pia tofauti hii: zipo zinazoonyesha alama zako na njia uliyopita tu, bila ramani. Striker 4 ni ya aina hiyo, na kwa wengi inatosha. Ukiuziwa yenye ramani, mwambie muuzaji akuonyeshe Nkome na Rubondo kwenye kioo. Akishindwa, usiongeze hela.

Mambo matatu yanayosahaulika

- Betri. Mashine inayotumia nusu ampea kwa saa 10 inakula ampea-saa 5. Betri ya 7 itafika asubuhi ikiwa hoi na itakufa mapema. Chukua ya 12, na usiichanganye na ya taa za dagaa.
- Mbao. Sauti haipenyi vizuri ubao wa mtumbwi. Funga trandusa nje, nyuma ya chombo au kwenye mti, mbali na mapovu ya injini.
- Kioo. Kijaribu nje ya duka, juani. Kisha chagua "maji baridi" kwenye mipangilio, la sivyo vipimo vya kina vitapishana kidogo.

Kama hela haijafika

Anza na simu yako. GPS ya simu inafanya kazi bila bando wala mtandao, mradi umepakua ramani mapema. Iweke kwenye mfuko usioingiza maji, uhifadhi alama za mwalo, nyavu na mpaka. Haitakuonyesha samaki, lakini itakurudisha nyumbani.

Ukizoea hiyo kwa mwezi mzima, utajua kama kweli unahitaji mashine, na ya namna gani.