Migodi Midogo ya Vilima vya Ruhr

Je, wajua kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili, nchini Ujerumani, kulikuwa na migodi ya makaa ya mawe iliyoendeshwa na watu wachache tu wenye sururu, makoleo na winchi? Haikuwa mmoja wala miwili. Katika eneo la Ruhr, magharibi mwa nchi hiyo, ilifunguliwa takriban migodi 1,000 ya namna hiyo, na mingi ilikuwa kwenye vilima vya kusini, huko Witten, Hattingen na Sprockhövel, miji ambayo leo imo katika wilaya ya Ennepe-Ruhr. Historia ya Ruhr husimuliwa kwa minara mirefu ya chuma na makampuni makubwa. Hawa wachimbaji wadogo hutajwa kwa sentensi moja, tena kwa haraka, na kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma.

Tuanze na ardhi yenyewe. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita eneo hilo lilikuwa vinamasi vyenye joto na misitu minene. Mimea ilianguka, ikafunikwa na tope na mchanga, ikashindiliwa mpaka ikageuka makaa. Baadaye miamba ilikunjamana, na matabaka yakainama kuelekea kaskazini. Kwa hiyo huko Bottrop, kaskazini, wachimbaji walilazimika kushuka zaidi ya mita 1,000, ilhali huku Witten makaa yanachungulia juu ya ardhi, kando ya mto Ruhr. Wenyeji wa bonde la Mutten, hapohapo Witten, husimulia kisa cha kale cha mchungaji wa nguruwe aliyekoka moto jioni, na asubuhi akakuta mawe meusi yaliyouzunguka bado yanawaka. Ni ngano, lakini inaeleza vizuri jinsi makaa yalivyokuwa karibu na miguu ya watu.

Matabaka hayo yalipewa majina, na mchimbaji aliyajua moja moja: Mausegatt, Finefrau, Geitling, Sonnenschein. Makaa ya huku kusini yalikuwa na gesi kidogo na hayakutoa moshi mwingi, kwa hiyo yalifaa sana kwa majiko ya nyumbani.

Katika karne ya 19 uchimbaji mkubwa ulihamia kaskazini, kwenye makaa mengi zaidi. Mgodi wa Nachtigall uliopo Witten ulifungwa mwaka 1892. Wakubwa walipoondoka waliacha matabaka membamba, nguzo za makaa zilizokuwa zikishikilia paa, na vipande vilivyokaribia uso wa ardhi. Ulikuwa ukoko wa sufuria, na siku ya njaa ukoko nao ni chakula.

Siku hiyo ilifika. Majira ya baridi ya mwaka 1946 kuingia 1947 yalikuwa makali mno. Miji ilikuwa magofu, reli zimevunjika, mito imeganda, na makaa ya migodi mikubwa yalikuwa chini ya usimamizi wa mataifa yaliyoshinda vita, mengine yakisafirishwa nje. Watu waliiba makaa kwenye mabehewa ili watoto wao wasife kwa baridi. Tarehe 31 Desemba 1946, Kadinali Josef Frings wa Köln alihubiri kwamba mtu aliye katika dhiki anaweza kuchukua kile anachohitaji ili kulinda uhai na afya yake, iwapo hakuna njia nyingine ya kukipata. Kwenye vilima vya Witten na Sprockhövel hakukuwa na haja ya kungojea treni. Makaa yalikuwa palepale chini ya malisho.

Mgodi mdogo ulianza ama kwa handaki lililoingia ubavuni mwa kilima, ama kwa shimo la mshazari lililofuata tabaka jinsi lilivyoinama. Juu ya shimo walisimamisha magogo matatu yaliyofungwa pamoja kileleni, wakaweka winchi ya kuvutia ndoo au toroli. Chini, tabaka mara nyingi lilikuwa na unene usiofikia mita moja, kwa hiyo mtu alichimba amepiga magoti au amelala ubavu. Paa lilishikiliwa na matimba yaliyokatwa msituni. Makaa yalimwagwa kwenye ghala la mbao lililoinuliwa, na lori likaegeshwa chini yake kupakia. Wengine baadaye walipata nyundo za kuendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa.

Hatari kubwa zaidi ilitoka kwa waliowatangulia. Kupasua ukuta na kukutana na mahandaki ya zamani yaliyojaa maji kulimaanisha kuzama gizani. Hewa isiyo na oksijeni ya kutosha ilijikusanya humohumo, na paa lililokwisha kuchimbwa mara moja halikuaminika.

Ifahamike pia kuwa mkulima hakuruhusiwa kuchimba kwa sababu tu shamba lilikuwa lake. Sheria ya madini ya Prussia ya mwaka 1865 ilitenganisha haki ya makaa na umiliki wa ardhi. Wengi walikodi sehemu kutoka kwa makampuni yenye haki hiyo. Wengine walichimba bila ruhusa.

Mwaka 1958 ulileta msukosuko wa makaa. Mafuta na makaa kutoka nje yakawa rahisi, maghala ya Ruhr yakafurika, na migodi midogo ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mgodi wa Egbert, huko Witten, ulidumu kuliko yote, hadi 1976.

Lakini mashimo ya wachimbaji wa zamani hayajaisha. Pale ambapo uchimbaji wa karibu na uso wa ardhi haukuchorwa ramani, ardhi inaweza kutitia ghafla bila dalili. Januari 2000, huko Wattenscheid katika jiji jirani la Bochum, ardhi juu ya mgodi wa zamani ilifunguka na kumeza gereji za magari. Mamlaka ya madini bado inatafuta mashimo ya aina hiyo na kuyajaza zege.

Ukibahatika kufika Witten, nenda Nachtigall, ambayo sasa ni makumbusho. Uvae kofia ngumu uingie handakini, kisha utazame mfano wa mgodi mdogo uliojengwa nje. Na ukitembea katika bonde la Mutten, usiache njia iliyowekwa alama.