Mtoi Alizaliwa Kabla ya Muda? Wacha Kungoja "Atakua Tu", Cheki CP Mapema

Mtoi amezaliwa wiki ya 30, amekaa kwa mashine, amepona, sasa ako home. Kila mtu anashukuru Mungu. Miezi inasonga lakini mikono bado ni ngumi na mwili umekazana. Mathe akiuliza, jibu la shosho ni moja: "Wacha presha, huyu alikuja mapema, atakua tu."

Hapo kwa "atakua tu" ndio wasee wengi hupoteza wakati.

Mtindio wa ubongo, ile wengi huita CP, hutokea ubongo ukiumia ama usipokua vizuri mtoto akiwa bado tumboni, wakati wa kuzaliwa ama akiwa mdogo sana. Si laana, si kurogwa. Mtoto yeyote anaweza kuipata, lakini waliozaliwa kabla ya wiki 32 wako kwa hatari zaidi.

Zamani madaktari walikuwa wanangoja mpaka mtoi afikishe mwaka moja ama miwili ndio waseme ni CP. Siku hizi, dalili za hatari zinaweza kuonekana kabla ya miezi sita.

Wanajuaje? Wanacheki vile mtoi anajisonga. Daktari Heinz Prechtl, msee wa Austria, aligundua kwamba watoto wa karibu miezi mitatu hufanya misogeo midogo midogo, shingo, mikono, miguu, mwili wote, kama mtu hawezi tulia. Hiyo misogeo ikikosekana, ni alama kubwa ya hatari. Mtoi analazwa chali akiwa macho na ametulia, bila kuchezewa, anachukuliwa video dakika chache, halafu mtaalamu aliyefunzwa anaisoma. Kule Australia, wazazi wameshatumia simu zao kurekodi na kutuma hizo video.

Lakini chunga hesabu. Miezi huanza kuhesabiwa kutoka tarehe alifaa kuzaliwa, si siku alitokea. Kama alikuja wiki 10 mapema, toa hizo 10. Akiwa na wiki 22, yeye ni kama wa wiki 12, na huo ndio wakati poa wa kuchekiwa.

Kwa hesabu hiyo hiyo, kimbia kliniki ukiona:

- Amepita miezi minne na bado anakunja ngumi kila saa
- Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kufikisha mwaka
- Miezi tisa imefika na hawezi kukaa
- Mwili ni mgumu sana ama umelegea sana

Dalili moja haimaanishi ni CP, na CP haina dawa ya kuimaliza. Lakini ubongo wa mtoi bado unajijenga, so mazoezi yakianza mapema, ana nafasi poa zaidi ya kujifunza kutumia mwili wake.

Kwa hivyo siku ya kliniki, usiishie kupimwa kilo na kudungwa chanjo. Ambia daktari: "Huyu alizaliwa kabla ya muda. Naomba umcheki vile anajisonga."

Unajua mzazi ako na mtoi kama huyu? Mtumie hii leo, si kesho.