Istilahi za Vitambaa vya Mavazi ya Sherehe: Mifano Kutoka Ngara na Biharamulo

Jina la kitambaa likitumiwa bila uangalifu humgharimu mtu fedha, na pengine heshima. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kama ilivyo kwingineko nchini, nguo ya harusi, ya kipaimara au ya kumuaga binti mara nyingi hununuliwa kwa michango ya ndugu na jamaa. Muuzaji akisema "hariri", mnunuzi akaamini kuwa ni hariri, kisha pasi ikayeyusha kitambaa usiku wa kuamkia sherehe, kosa si la pasi. Kosa ni la jina.

Makala haya yanakusudia kubainisha baadhi ya istilahi za vitambaa na kuonyesha jinsi istilahi sahihi inavyoongoza uchaguzi na utunzaji wa mavazi ya sherehe. Yanawahusu mfasiri anayeandika maelezo ya bidhaa, mwalimu anayefundisha sayansikimu au ushonaji, na mtumishi wa serikali anayetayarisha zabuni ya sare.

Lugha zinazokutana dukani

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Rusumo na Kabanga ndiyo milango yake. Biharamulo, kwa upande wake, ina njia panda ya Nyakanazi, ambapo hukutana wasafiri wa Kigoma, wa Kahama na wa mpakani. Kihangaza na Kishubi, lugha za Ngara, zimo katika kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Kizinza, kilichoenea upande wa Biharamulo na Geita, ni jirani wa Kihaya. Kwa hiyo katika duka moja la vitambaa huweza kusikika majina ya lugha za nyumbani, majina ya Kiswahili yaliyotoka pwani, na majina ya kiwandani yaliyochapwa kwenye lebo.

Mfano mzuri ni vazi la kike ambalo Kinyarwanda huliita umushanana: sketi ndefu yenye marinda, pamoja na kipande cha kitambaa kinachopitishwa juu ya bega moja. Neno hili likiingia katika Kiswahili halina budi kufuata utaratibu wa ngeli zetu: kiambishi umu- hugeuka m-. Tutapata basi mshanana, na kwa wingi mishanana. Umbo hilo ni la Kiswahili kamili wala halihitaji alama za kunukuu.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mshanana ni jina la vazi, si la kitambaa. Mtu akiomba "kitambaa cha mshanana" hajasema bado anataka nini. Mwenye duka aweza kumpa shifoni, atlasi au pamba nyepesi, na kila kimoja kina matunzo yake.

Maswali matatu

Ili kuepuka mkanganyiko huo, kila jina la kitambaa liulizwe maswali matatu: Je, linataja uzi, yaani asili ya nyuzi? Linataja mfumo, yaani jinsi nyuzi za mtande na za mshindio zilivyopishana? Au linataja vazi linaloshonwa?

Hariri ni jina la uzi unaotokana na vifukofuko vya viwavi wa nondo wa hariri. Atlasi, ambayo wengi huiita satini, ni jina la mfumo: nyuzi za upande mmoja huruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, na kwa sababu hiyo uso wa kitambaa huwa laini na hung'aa. Atlasi yaweza kufumwa kwa hariri, kwa pamba au kwa polista. Kung'aa, basi, si ushahidi wa hariri. Atlasi nyingi za bei nafuu ni za polista, na muuzaji anayeziita hariri anataja mng'aro tu.

Joho linatupa funzo jingine. Hapo zamani neno hili lilitaja kitambaa kizito cha sufu. Baadaye likawa jina la vazi refu la heshima lililoshonwa kwa kitambaa hicho. Leo mhitimu wa chuo kikuu huvaa joho la polista na hakuna anayeshangaa. Merikani nayo ilipata jina kwa asili yake: ni pamba isiyong'arishwa iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipopunguza shehena za Wamarekani, vitambaa vya viwanda vingine vilishika nafasi, lakini jina la merikani likabaki. Jina la kitambaa laweza kuishi kuliko kitambaa chenyewe. Mfasiri asilitegemee bila kuuliza.

Maneno yanayokaribiana kwa sauti

Sufu na sufi hutofautiana kwa irabu moja. Sufu ni manyoya ya kondoo, hushonwa suti na makoti. Sufi ni nyuzi laini za tunda la msufi, hujazwa kwenye mito na magodoro. Kadhalika kitani na katani: kitani hufumwa nguo nyepesi na za baridi mwilini, katani ni nyuzi za mkonge, hutengenezewa kamba na magunia. Herufi moja ikikosewa katika hati ya zabuni, wanakwaya watavishwa magunia.

Neno nailoni nalo limepanuka kupita kiasi, hata likatumika kwa mfuko wa plastiki. Katika maandishi ya kitaalamu libakie jina la uzi wa kiwandani, na mfuko uitwe mfuko wa plastiki.

Kuchagua

Njia ya kale ya kutambua uzi ni moto. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa koleo, uzichome mbali na kitambaa. Pamba na kitani huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Hariri na sufu huwaka polepole, hunuka nywele zilizoungua, na mabaki yake husagika vidoleni. Polista na nailoni huyeyuka na kuacha tone gumu. Tahadhari: kitambaa cha mchanganyiko huonyesha dalili mbili kwa pamoja.

Baada ya uzi, tazama jinsi kitambaa kinavyolala. Mafundi husema kitambaa "kinalala vizuri" kinapofuata umbo la mwili bila kusimama. Tunapendekeza nomino mlalo kwa sifa hiyo. Mshanana unahitaji kitambaa chenye mlalo mwepesi, kwa kuwa sehemu ya begani haishonwi mwilini. Koti la suti linahitaji kitambaa kinachosimama, pamoja na bitana ya ndani. Kanzu hutaka pamba nyepesi isiyoonyesha mwili. Melimeli hupoza, lakini huonyesha zaidi kuliko bafta.

Vipimo navyo vitajwe kwa usahihi. Jora si kipimo. Urefu wake hutegemea kiwanda. Doti ya kanga ni vipande viwili. Yadi 6 ni sawa na mita 5.49 hivi, anayelipia mita 6 na kupewa yadi 6 amepoteza zaidi ya nusu mita, nayo ni mikono ya gauni.

Kutunza

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri huusahau. Kitambaa kinachopungua kwa kufuliwa, kwa lugha ya mafundi, hurudi. Kinachotoa rangi majini na kuchafua nguo nyingine huchuja. Kinachopoteza rangi kwa jua hupauka. Haya ni mambo matatu, na kila moja lina kinga yake.

Pamba na vitenge virowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ili virudi mapema, si baada ya kushonwa. Kujua kama kitambaa huchuja, sugua pembe yake kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kujua kama hupauka, funika nusu ya kipande kwa karatasi nzito, ukiache juani siku kadhaa, kisha ulinganishe. Sufu isifuliwe kwa maji ya moto wala kufikichwa, kwa maana hurudi na kukakamaa. Hariri isitiwe dawa ya kung'arisha yenye klorini. Atlasi ipigwe pasi upande wa nyuma, tena ikiwa ya polista pasi iwe ya joto dogo.

Alama za lebo pia zasomeka kwa Kiswahili: beseni ni kufua, pembetatu ni kung'arisha, mraba ni kukausha, pasi ni pasi, na duara ni kazi ya dobi mtaalamu. Nukta ndani ya pasi huonyesha joto: moja dogo, mbili la wastani, tatu kubwa. Alama ya msalaba juu yake ni katazo.

Msimu wa mvua huleta koga. Nguo ya sherehe ihifadhiwe ikiwa safi na kavu kabisa, ikafungwa kwa shuka ya pamba, si kwa mfuko wa plastiki unaozuia hewa. Sufu na hariri zikaguliwe mara kwa mara, kwani viwavi wa nondo hupenda nyuzi za wanyama.

Urithi wa nguo ya gome

Kabla ya vitambaa vya kufumwa, sehemu kubwa ya nchi za Maziwa Makuu ilivaa nguo iliyotengenezwa kwa gome la ndani la mti wa jamii ya mkuyu, lililopondwa kwa nyundo za mbao hadi likapanuka. Wahaya huiita orubugo. Kinyarwanda huiita impuzu. Katika Kirundi neno hilohilo, impuzu, leo lina maana ya nguo kwa jumla. Utengenezaji wake nchini Uganda uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Tunapendekeza nguo ya gome kama istilahi ya jumla, na majina ya lugha za nyumbani yatajwe kando yake. Nguo hii haikufumwa. Isiitwe kitambaa cha kufuma.

Mapendekezo

1. Hati ya ununuzi itaje uzi, mfumo na kipimo, kila kimoja peke yake: kwa mfano, "atlasi ya polista, mita 4".
2. Neno hariri litumike kwa uzi wa hariri tu.
3. Kurudi, kuchuja na kupauka yatofautishwe katika lebo na vitabu vya kufundishia.
4. Mshanana (mi-) na mlalo wa kitambaa yafikiriwe katika usanifishaji ujao.

Walimu na mafundi wa Ngara, Biharamulo na kwingineko wanaombwa kukusanya majina mengine yanayotumika madukani na vyereheni, wakieleza kwa kila jina kama linataja uzi, mfumo au vazi. Orodha ya namna hiyo, hata ikiwa fupi, itamwokoa mfasiri na pia familia inayohesabu michango yake mbele ya meza ya muuzaji.