Mvinyo mwekundu mzito: Namna ya kuuchagua na kuunywa katika joto la Cabo Delgado

Mtu anayekunywa mvinyo mara moja moja, akisimama mbele ya rafu ya chupa mjini Pemba, kaskazini mwa Msumbiji, hukutana na lebo za Kireno zenye maneno mengi ambayo hayamwambii atakachokionja. Ni rahisi basi kuangalia bei, au kutafuta asilimia kubwa ya kileo na kudhani kwamba mvinyo mkali ndio mvinyo mzito. Mambo hayo mawili hayalingani, na anayeyatofautisha hupata kinywaji kizuri zaidi na madhara machache zaidi.

Makala haya yanaeleza maana ya uzito katika mvinyo mwekundu, jinsi ya kuutambua kabla ya kununua, na namna ya kuutunza katika pwani ambako joto huharibu chupa nyingi kabla hazijafunguliwa.

Kinywaji chenye historia chungu

Neno mvinyo lenyewe limetokana na Kireno, vinho, kama yalivyotoka huko maneno meza na leso. Lakini kinywaji hicho kilifika Afrika Mashariki kabla ya Wareno. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia cha karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinasimulia kwamba wafanyabiashara waliofika pwani ya Azania walileta mvinyo kidogo pamoja na ngano. Havikuwa bidhaa za kuuzwa, bali zawadi za kutafutia urafiki wa wenyeji.

Miaka mingi baadaye mvinyo ulirudi kwa sura nyingine. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, Ureno ilikuwa na mvinyo mwingi kuliko ilivyoweza kuuza Ulaya, na ikaligeuza koloni lake la Msumbiji kuwa soko. Ushuru wa mvinyo kutoka Ureno ulipunguzwa, huku pombe zilizotengenezwa na wenyeji zikiwekewa vizuizi. Mvinyo huo mara nyingi uliongezwa kileo ili uwe mkali, na mteja aliyelengwa hasa alikuwa mfanyakazi Mwafrika, zaidi sana kusini, alikorudi na mshahara wake kutoka migodi ya Afrika Kusini. Mwanahistoria José Capela aliieleza biashara hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1973, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Mvinyo kwa Ajili ya Mtu Mweusi".

Historia hiyo ina uhusiano na rafu ya leo. Mvinyo wa kikoloni uliuzwa kwa ukali wake, na ladha haikuwa na maana kwa muuzaji. Anayechagua chupa leo kwa kutazama asilimia ya kileo pekee anatumia kipimo kile kile alichowekewa babu yake.

Uzito si ukali

Wareno huuita mvinyo wa aina hii encorpado, yaani "wenye mwili". Mpishi wa pwani anaielewa maana yake bila kufundishwa. Nazi ikikunwa na kukamuliwa mara ya kwanza hutoa tui zito, linalotanda mdomoni na kubaki ulimini. Ikikamuliwa mara ya pili hutoa tui jepesi, lenye ladha ile ile lakini linalopita haraka. Tofauti kati ya mvinyo mzito na mwepesi inafanana na hiyo.

Kileo huchangia uzito, lakini si peke yake. Kuna pia utamu wa tunda lililoiva na, zaidi ya yote, tanini. Hii ni kemikali ya asili iliyomo katika maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mwekundu hutengenezwa kwa kuyaacha maganda yalowane ndani ya maji ya zabibu wakati yanapochachuka, na ndiyo maana hupata rangi na tanini pamoja. Mapipa ya mwaloni huongeza tanini nyingine.

Kiswahili kina neno kamili la kile tanini inachokifanya mdomoni: ukakasi. Ni ile hali ya ulimi kukauka na kukunjamana baada ya kula bibo la mkorosho, zambarau ambayo haijaiva vizuri au ndizi mbichi, au baada ya kunywa chai ya rangi iliyokaa mno kwenye majani. Anayetoka katika pwani ya mikorosho anaujua ukakasi tangu utotoni. Anachotakiwa kufanya ni kuutumia kama kipimo.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha limeze. Ukisikia ukavu kwenye ufizi na ndani ya mashavu, huo ni ukakasi. Ukisikia moto kooni, hicho ni kileo. Mvinyo mzito ulio mzuri huwa na ukakasi unaoandamana na ladha ya tunda, na moto wa kooni haujitokezi. Ikiwa moto ndio pekee unaosikika, umenunua ukali.

Maneno ya kutafuta kwenye lebo

Mvinyo unaouzwa Msumbiji hutoka zaidi Ureno na Afrika Kusini. Kwenye chupa ya Ureno, tinto maana yake ni mwekundu. Seco ni mkavu, usio na sukari ya kuonekana, na doce ni mtamu. Sukari huficha kileo, kwa hiyo mvinyo mtamu hunyweka haraka kuliko inavyopasa.

Kwa anayeanza, mvinyo wa eneo la Alentejo, kusini mwa Ureno, ni mlango mzuri. Huko kuna joto, zabibu huiva sana, na ukakasi wake aghalabu ni laini. Zabibu iitwayo Alicante Bouschet, inayolimwa sana huko, ni nyekundu hata ndani ya nyama yake, wakati zabibu nyingi nyeusi zina maji yasiyo na rangi. Matokeo yake ni mvinyo mweusi kama wino. Aliyezoea anaweza kwenda Douro, bonde lililowekewa mipaka rasmi ya uzalishaji mwaka 1756, na kutafuta zabibu ya Touriga Nacional, yenye ukakasi mkubwa zaidi.

Kutoka Afrika Kusini, Shiraz huwa na harufu kama ya pilipili manga, na Cabernet Sauvignon huwa na ukakasi ulio wazi. Pinotage ni zabibu iliyozaliwa huko huko, baada ya Abraham Perold kuchanganya mbegu za aina mbili za mizabibu mwaka 1925 mjini Stellenbosch. Ladha yake huweza kuwa na moshi kidogo, na inakwenda vizuri na nyama iliyochomwa.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, Tanzania nayo ina mvinyo wake. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Ulaya ambako mmea hulala wakati wa baridi. Zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, kwa jina la eneo la huko, hutoa mvinyo wenye ukakasi wa kutosha kumfundisha mnywaji mgeni. Msikilizaji aliye Mtwara au Dar es Salaam hana sababu ya kuanzia mbali.

Joto ni adui wa kwanza

Ushauri wa kawaida kwamba mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba ulitolewa kwa ajili ya vyumba vya Ulaya, vyenye nyuzijoto zisizozidi 18. Chumba cha Pemba au Palma wakati wa kiangazi hupita nyuzijoto 28. Katika joto hilo kileo hupanda puani, tunda hupotea na mvinyo mzuri huonja kama dawa.

Kwa hiyo usione haya kuweka mvinyo mwekundu kwenye jokofu. Nusu saa kabla ya kuunywa inatosha. Ukiuacha hadi uwe baridi kama bia, ukakasi utazidi na ladha itafungwa. Umeme ukikatika, iweke chupa ndani ya ndoo ya maji yenye barafu kwa takriban dakika 15, au izungushie kitambaa kilicholowa na uiweke penye upepo. Ni kanuni ile ile inayoyapoza maji ya mtungini.

Unaponunua, kagua kizibo. Kikiwa kimesukumwa juu, au kukiwa na alama za mvinyo uliovuja, chupa hiyo ilikaa juani au chini ya bati la moto. Iache. Nyumbani, iweke penye giza, mbali na jiko, na ikiwa kizibo ni cha gome la mti, ilaze ili kisikauke. Ikishafunguliwa, izibe na uirudishe kwenye jokofu. Itafaa kwa siku mbili hadi tatu.

Chakula cha pwani

Mafuta na protini hupunguza ukakasi, na ndiyo sababu mvinyo mzito hupendeza na nyama ya ng'ombe au mbuzi, na feijoada ya maharage na nyama. Korosho zilizokaangwa, fahari ya Cabo Delgado, hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama kubwa.

Samaki ni jambo tofauti. Madini ya chuma yaliyomo katika baadhi ya mvinyo mwekundu, yakikutana na mafuta ya samaki, huamsha shombo mdomoni. Jodari au dagaa na mvinyo mzito havipatani. Kuku wa piri-piri pia anahitaji tahadhari, kwa kuwa kileo na ukakasi huongeza moto wa pilipili. Hapo chagua chupa laini yenye kileo kidogo, na uipoze zaidi.

Kipimo na jirani

Chupa ya mililita 750 ina glasi tano za mililita 150. Glasi moja ya mvinyo wenye kileo cha asilimia 14 ina mililita 21 za kileo halisi, wakati kopo la bia la mililita 330 lenye asilimia 5 lina mililita 16.5. Anayekunywa mvinyo kwa kasi ya bia hulewa mapema. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kilicho salama kwa afya. Mjamzito, dereva na anayetumia dawa wajizuie kabisa.

Lipo pia suala la heshima. Wakaazi wengi wa pwani, kutoka Palma hadi Ibo, ni Waislamu, na kwao pombe ni haramu. Watafiti wa chimbuko la uasi ulioanza Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017 wameeleza kwamba, miaka kabla ya hapo, kundi lililokuja kushika silaha lilikuwa likijaribu kuzuia kwa nguvu uuzaji wa pombe katika baadhi ya vijiji. Viongozi wa Kiislamu wa Msumbiji walilipinga kundi hilo, ingawa wao wenyewe hawanywi wala hawahalalishi pombe. Ujirani wa pwani umedumu kwa mtindo huo: asiyekunywa hamshambulii anayekunywa, na anayekunywa hamkeri asiyekunywa.

Anayefungua chupa basi na aifungulie ndani ya nyumba yake au mahali palipohalalishwa, asiilete mbele ya mgeni asiyetumia, na mwezi wa Ramadhani azidishe staha. Mvinyo mzito haukutengenezwa kwa ajili ya kelele wala mashindano. Hunywewa kwa funda ndogo, pamoja na chakula, na glasi moja iliyochaguliwa vizuri yaweza kuimaliza jioni nzima.